Saa 14 za Kuja, Miaka 10 ya Kurudi



Juma hili sitaandika juu ya masomo ya Dominika kama ilivyo desturi yetu. Nataka tuzungumze juu ya ndege. Msishangae. Neno moja lililosemwa makaburini ndilo lililonikosesha usingizi hata nikaona ni vema tulitafakari pamoja.

Siku si nyingi zilizopita tulimzika bibi mmoja katika mojawapo ya vigango vyetu hapa Moshi vijijini. Marehemu alijaliwa watoto sita. Watano walikuwapo. Wa sita, ambaye ni kitinda mimba, yuko Marekani katika jimbo la Texas, na huu ni mwaka wa 12 hajaonekana nyumbani. Ulipofika wakati wa watoto kutupa udongo kaburini, waliitwa mmoja mmoja kwa majina. Lilipotajwa jina lake, palikuwa na ukimya, kisha kaka yake mkubwa akainama tena, akachota udongo mara ya pili, akautupa kwa niaba ya mdogo wake. Hapo ndipo mzee mmoja aliyesimama nyuma yangu aliposema kwa sauti ya kusikika:

“Siku hizi kuna ndege ya moja kwa moja. Ni saa kumi na nne tu! Mtu anapanda New York mchana, kesho yake asubuhi yuko Nairobi. Asiyekuja kumzika mama yake kwa safari ya saa kumi na nne, huyo ametukataa.”

Watu kadhaa wakaguna kwa kukubali. Mimi nilinyamaza, kwa kuwa kaburini si mahali pa mabishano. Lakini nilikuwa najua jambo ambalo mzee wetu hakulijua. Familia imeniruhusu kuliandika hapa kwa sharti la kutotaja majina, na mambo machache nimeyabadili ili wasitambulike. Kabla sijalisema, naomba kwanza tumtendee haki mzee huyu, maana hesabu yake ya ndege haikuwa ya uongo.

Ni kweli kwamba tangu Oktoba 2018, Kenya Airways ilipoanzisha safari za moja kwa moja kati ya Nairobi na New York, umbali kati yetu na Marekani ulipungua kwa namna ambayo wazazi wetu wasingeweza kuiwaza. Safari hizo ziliwezekana baada ya mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani kuridhika, Februari 2017, kwamba Kenya imefikia kiwango cha usalama kinachotakiwa. Kabla ya hapo, msafiri wa kutoka kwetu alilazimika kupitia Amsterdam, London, Dubai, Addis Ababa au kwingineko, akishinda au kulala katika viwanja vya ndege, na safari yake ikichukua kwa kawaida zaidi ya saa 20.

Kutoka Uwanja wa Jomo Kenyatta hadi Uwanja wa John F. Kennedy ni takriban kilomita 11,800, zikipimwa kwa njia fupi kuliko zote juu ya mviringo wa dunia. Ukiitazama ramani ya ukutani utadhani ndege inapaswa kwenda magharibi moja kwa moja, ivuke Kongo na kuingia Bahari ya Atlantiki. Sivyo. Kwa kuwa dunia ni duara, njia fupi hupanda kaskazini-magharibi, ikakata jangwa la Sahara, ndipo ikaingia baharini na kuielekea Amerika. Asiyeamini achukue tufe la dunia lililoko shuleni, avute uzi kati ya miji hiyo miwili, naye atajionea.

Safari ya kwenda ilipangiwa saa 15, na ya kurudi kama saa 14 hivi. Vijana wa kwaya waliwahi kuniuliza sababu ya tofauti hiyo, na mmoja akadhani ni kwa sababu dunia inajizungusha chini ya ndege. La hasha, hewa huzunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa hiyo. Sababu ni upepo. Juu kabisa, mahali zinapopita ndege kubwa, kuna mikondo ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Anayekwenda Marekani hukutana nao usoni. Anayerudi husukumwa nao mgongoni. Tena, Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Ndege iliyojaa mafuta ya safari ndefu namna hiyo hupata taabu zaidi kupaa hewa inapokuwa nyepesi na yenye joto, na hivyo ubaridi wa usiku huwa msaada kwake.

Hata saa ya mkononi humdanganya msafiri. Nairobi iko mbele ya New York kwa saa 8 wakati wa baridi ya kule, na kwa saa 7 wakati wa kiangazi chao. Aliyeondoka Nairobi karibu na saa sita usiku hufika asubuhi na mapema, akaiona saa ya ukutani ikionyesha kana kwamba amesafiri saa 7 tu, ilhali mwili wake unajua kwamba ni 15.

Basi mzee wetu alisema kweli. Lakini ukweli wake ulikuwa wa uwanja hadi uwanja, na hakuna binadamu anayeishi uwanjani.

Tuhesabu vizuri. Kijana huyu haishi New York. Anaishi Houston. Kutoka Houston hadi New York ni zaidi ya kilomita 2,200, ambazo ni kama saa 3 na nusu hadi 4 za ndege nyingine. Akishuka hapo atangoje ndege ya Nairobi. Akifika Nairobi, mbele yake kuna kilomita 350 hivi za barabara hadi Moshi, kupitia Namanga na Arusha, na kwa basi dogo hizo ni saa 7 au 8 pamoja na ukaguzi wa mpakani. Kisha aanze kupandisha mlima kwenda kijijini. Tazameni maajabu hayo: kilomita 11,800 za angani kwa saa 14, na kilomita 350 za ardhini kwa saa 8! Ukijumlisha na muda wa kungoja, mlango hadi mlango ni karibu siku mbili. Na nauli ya kwenda na kurudi aghalabu huzidi dola 1,000 za Marekani kwa mtu mmoja, hasa kwa anayekata tiketi ghafla, kama afanyavyo kila aliyefiwa.

Hata kazini mambo si kama tunavyodhani. Hapa kwetu mtu akifiwa na mama, mwajiri asiyemruhusu huonekana hana utu. Marekani hakuna sheria ya taifa zima inayomlazimisha mwajiri wa kampuni binafsi kumpa mfanyakazi likizo yenye malipo kwa ajili ya msiba. Wengine hupewa siku tatu. Siku tatu, wapendwa, ni safari ya kuja na kurudi tu, bila hata kuketi matangani.

Lakini yote hayo, yaani kilomita, saa, nauli na likizo, mtu mwenye moyo anaweza kuyashinda. Anaweza kukopa. Anaweza hata kuiacha kazi. Uko umbali mwingine ambao haumo katika ratiba ya ndege yoyote, nao ndio uliomzuia kijana wetu.

Kijana alikwenda kwa viza ya matembezi. Muda wake ukaisha, naye akabaki, akafanya kazi za mikono, akaoa, akapata watoto wawili. Simsifu kwa kukaa nje ya sheria za nchi ya watu, na yeye mwenyewe hajisifu. Nasema tu hali ilivyo. Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1996, mtu aliyekaa nchini humo bila kibali kwa zaidi ya siku 180 akaondoka, huzuiwa kurudi kwa miaka 3. Aliyezidisha mwaka mmoja huzuiwa kwa miaka 10, isipokuwa apate msamaha maalumu ambao si rahisi kuupata. Zingatieni jinsi sheria hiyo inavyofanya kazi: kizuizi hicho huanza pale mtu anapotoka. Maadamu yumo ndani hakijamshika. Siku anapopanda ndege kwenda kumzika mama yake ndipo mlango unapofungwa nyuma yake.

Kwa hiyo safari yake ilikuwa ni saa 14 za kuja na miaka 10 ya kurudi. Mwanawe mdogo wa miaka 4 angekuwa na miaka 14 siku ambayo baba angeruhusiwa hata kuomba kurudi.

Mama yake alilijua hilo. Katika ugonjwa wake wa mwisho, nilipompelekea Komunyo nyumbani, aliniambia kwa sauti ndogo, “Baba Paroko, mimi ndiye niliyemkataza asije. Akija kunizika, mimi sitamwona. Na wale wajukuu wangu watabaki bila baba. Mwambie kaburi halina miguu. Litamngoja.” Alinisihi nisiyatangaze angali hai, kwa kuwa hakutaka majirani waone kwamba mwanawe ana matatizo na serikali ya watu. Sasa amelala, na watoto wake wameona ni afadhali ukweli ujulikane kuliko ndugu yao aitwe mtoto aliyelaaniwa.

Wala si huyu peke yake. Wapo wengine walioko kule kihalali kabisa, ambao wamewasilisha maombi ya ukazi wa kudumu na wanangoja majibu. Wengi wao wakitoka nchini kabla ya kupewa ruhusa ya pekee ya kusafiri, huhesabiwa kuwa wameliacha ombi lao, na miaka waliyongoja hupotea. Mtu wa namna hiyo akisema kwenye simu, “Mama, siwezi kuja sasa,” huenda hana hata njia ya kumweleza mama wa miaka 80 mambo ya fomu na kibali. Anasema “nimebanwa na kazi”, nasi tunasikia “sijali”.

Sasa nataka niseme ninachoamini, nanyi mkiona nimekosea mnirekebishe. Naamini kwamba ndege ya moja kwa moja imetuletea neema, na pamoja na neema hiyo imetuletea kishawishi cha kuhukumu. Mababu zetu walimwona aliyekwenda ng’ambo kuwa ameingia mahali pasipofikika, wakamwombea na kumngoja. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu waliofika Zanzibar mwaka 1863, wakaanza kazi Bagamoyo mwaka 1868 na baadaye kupanda hadi huku Kilimanjaro, waliagana na wazazi wao wakijua kwamba barua ya msiba ingewafikia wakati kaburi limekwisha kuota majani. Hakuna aliyewaita watoto wabaya. Umbali wao ulionekana kwa macho: bahari, majuma mengi ya safari, homa. Umbali wa watoto wetu wa leo hauonekani. Umo ndani ya karatasi. Na kwa kuwa hatuuoni, tunasema haupo.

Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Katika kugawana mali pengine methali hiyo ina nafasi yake. Katika msiba haina. Asiyekuwapo kaburini, uchungu wake upo; tena huenda ni mkubwa kuliko wetu, maana sisi tulikuwa na majirani wa kutushika mkono, naye alikuwa peke yake ndani ya gari, katika maegesho ya mahali pa kazi, akimtazama mama yake akishushwa kaburini katika kioo cha simu, kwa saa za kule ikiwa bado ni usiku wa manane.

Hata hivyo nisipoigeukia pia sehemu ya pili ya ukweli nitakuwa nimewadanganya. Wapo watoto wetu walioko Marekani, Ulaya na Uarabuni ambao karatasi zao ni safi, mishahara yao inatosha, na likizo wanazo. Kila mwaka husafiri kwenda kupumzika katika miji mingine ya mbali, na kila mwaka humwambia mama, “mwakani”. Kwenu ninyi mnaosoma huko mliko, nasema kwa upendo wa kipadre: msijifiche nyuma ya wenzenu waliofungiwa mlango. Neno “mbali” ni lao. Kwenu saa 14 ni saa 14. Kuna ndege ya abiria kati ya Singapore na New York inayokwenda zaidi ya kilomita 15,300 bila kutua, saa 18 hivi angani, nayo hupata abiria. Binadamu huvumilia kiti cha ndege anapokuwa na sababu. Je, mama si sababu?

Na mje wakati gani? Mje angali hai. Hapa ndipo sisi sote tunapokosea, wa huku na wa huko. Tumeiweka nguvu yetu yote katika mazishi. Tunakodisha mahema, tunamweka marehemu majuma mawili katika chumba cha maiti tukimngoja mtoto wa Marekani, gharama zinapanda kila siku, na mtoto anafika akiwa amechoka, anautazama uso usiomjibu, na siku ya tatu anaondoka. Nauli ile ile, saa zile zile, angekuja mwaka uliotangulia, mama angempikia ndizi, angemwuliza habari za wajukuu, na wangeketi pamoja uani jioni. Kama uwezo wako ni wa safari moja tu, mpendwa, usiitunze kwa ajili ya jeneza.

Nasi tuliobaki nyumbani tuna mambo matatu ya kufanya. La kwanza, tusimhukumu asiyekuja mbele ya watu. Mwenye dukuduku na amwulize ndugu yake faraghani, kwa upole, na akubali kwamba huenda asiambiwe yote. La pili, tusimlazimishe. Ziko familia zinazompigia kijana simu usiku kucha, zikimtishia laana ya ukoo, hata anavunjika moyo na kupanda ndege. Baada ya mwezi mmoja anagundua kwamba hawezi kurudi kwa mkewe na wanawe, na wale waliomlazimisha hawana cha kumsaidia. Shauri la namna hiyo aulizwe mwanasheria, si baraza la wazee. La tatu, tumpe nafasi katika ibada hata kama hayupo. Asome sala kwa njia ya simu, ujumbe wake usomwe, jina lake litajwe pamoja na wenzake, na ndugu amtupie udongo. Kaka yule mkubwa alifanya hivyo bila kufundishwa na mtu, na kwa maoni yangu tendo lake lilikuwa homilia nzuri kuliko ile niliyoitoa mimi siku ile.

Mnaukumbuka mfano wa baba aliyekuwa na wana wawili. Mara nyingi tunamtazama yule aliyeondoka. Mwaka huu mimi nimekuwa nikimtazama yule aliyebaki nyumbani, ambaye alijua hesabu zote za ndugu yake, amekula nini na ametumia nini, ila hakujua alichopitia. Mtu anaweza kubaki nyumbani miaka yote na bado akawa mbali na ndugu yake kuliko New York ilivyo mbali na Nairobi.

Namalizia na mzee wetu. Baada ya arobaini alikuja ofisini kuandikisha nia ya Misa. Alipokwisha kulipa, hakuondoka. Alikuwa amesikia minong’ono kijijini. Akaniuliza, “Baba Paroko, hivi ile ndege, kurudi kule ni saa ngapi?” Nikamjibu, “Kwa wengine, mzee wangu, ni saa kumi na tano. Kwa yule kijana ingekuwa miaka kumi.” Nikamweleza habari ya sheria ile, kama nilivyowaeleza ninyi, kwa kuwa ndugu zake marehemu walikwisha kuniruhusu.

Mzee alivua kofia, akaishika mikononi kwa muda mrefu. Kisha akasema, “Ukizungumza naye, mpe salamu zangu. Mwambie udongo wake tuliutupa.”

Nimeufikisha ujumbe huo. Aliyeupokea alishindwa kujibu, na simu ikakatika.

Nawatakia Dominika njema. Mwenyezi Mungu awalinde wasafiri wote, wanaoweza kurudi na wasioweza.

Paroko wenu.